Bibi Harusi wa Karoti

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pini, na jina hilo hakulipata bure. Ukiingia kwenye kibanda chake cha ushonaji ungemkuta ameinama juu ya cherehani, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, na pini zimejipanga midomoni mwake kama meno ya ziada. Mteja akisalimia, fundi huitikia "Mm." Mteja akiuliza kama suruali yake iko tayari, fundi hujibu "Mm-mm," maana yake bado. Akianza kulalamika, fundi humtazama tu juu ya miwani, na mteja mwenyewe huona haya akaenda zake. Kusema kweli hakuwa na kiburi. Yalikuwa mazoea. Aliyemfundisha kazi alishika pini mdomoni, naye akashika pini mdomoni, na kile kimto cha kuchomekea pini alichoshonewa na mkewe ndoa yao ikiwa changa kilikaa juu ya rafu kikila vumbi.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno ya watu wawili, ndiyo maana ndoa ile ilidumu. Alikuwa akizungumza, akijijibu, akimgombeza fundi, kisha akijiomba radhi mwenyewe kwa niaba ya fundi na kujisamehe. "Wewe mwanamume," alikuwa akimwambia, "siku Mungu akikuuliza jina lako utamwambia subiri kwanza nitoe pini." Fundi alikuwa akicheka kwa pua. Halafu mama wa watu akaugua ugonjwa mfupi, akafariki, na vile vyumba viwili na jiko nyuma ya kibanda vikabaki na mlio wa cherehani. Cherehani inaunguruma vizuri sana, lakini haiulizi mtu hali.

Ndipo binti yake alipomleta mtoto. Alikuwa amepata kazi kiwandani, mji wa mbali, kazi ya zamu, na mabweni ya pale hayapokei watoto. "Baba, nishikie tu mpaka nipate chumba," alisema. Mtoto mwenyewe msichana wa miaka sita, na bibi yake ndiye aliyempa jina la Chiriku alipokuwa bado mchanga, kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Fundi hakumwambia mtu, lakini alifurahi mpaka akakosea pindo la suruali ya watu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Alidhani sauti imerudi nyumbani.

Kumbe Chiriku naye alikuwa ameacha kuimba. Hebu fikiria: mama ameondoka, shule ni mpya, darasani hamjui mtu, na jioni anarudi kwa babu mwenye pini mdomoni. Azungumze na nani, na ukuta? Asubuhi alikuwa akisema "Shikamoo babu," fundi akaitikia "Mm," na mazungumzo ya siku yakawa yamekwisha.

Tena alikuwa hali. Mkate mweupe na chai, sawa. Wali mweupe, sawa. Lakini akiona kipande cha karoti ndani ya wali alikuwa akikitoa kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa mende. Spinachi hakutaka hata kuiangalia. Chungwa alikuwa akilisukuma mpaka mwisho wa meza, likaanguka, likabiringika chini ya kabati, likakaa huko. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamvuta kope la chini, akatikisa kichwa. "Mzee, mtoto damu imepungua. Mboga na matunda, kila siku. Mkate peke yake hauwezi kumlea."

Muuguzi alimpigia na mama wa mtoto, na mama wa mtoto akampigia fundi. "Baba, silaumu mtu," alisema. "Lakini nikija mwisho wa mwezi nikamkuta bado hali, nitampeleka kwa shangazi yake. Kule watoto ni wengi, wanagombania sahani. Atajifunza."

Simu ilipokatika fundi alibaki amekaa, mguu juu ya kanyagio, haukanyagi. Huyo shangazi alikuwa mama mwema, hakuwa na neno naye. Neno lilikuwa moja tu: mtoto akiondoka, nyumba itarudi kuwa ya cherehani peke yake. Mara ya kwanza aliiweza kwa sababu hakujua inakuja. Mara ya pili hakuwa na hakika kama ataiweza.

Basi akaingia vitani. Alianza na njia ya amri: mtoto asiinuke mezani mpaka spinachi iishe. Chiriku akaikodolea macho spinachi, spinachi ikapoa, ikaganda, na asubuhi yake mambo yakawa yaleyale, babu hajashinda, mtoto hajala, na spinachi haijapungua hata jani. Akageukia hila. Alikwaruza karoti laini kabisa, akaichanganya na wali ili isionekane. Chiriku akachambua uzi mmoja mmoja, taratibu, bila hasira, akaulundika pembeni mwa sahani. Fundi alipoutazama ule mlundo hakuweza kujizuia, akastaajabu. Hiyo ilikuwa mikono ya ufundi, na damu ni yake mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama muuza mboga, shoga wa marehemu, ambaye kwa sababu hiyo alimwita fundi shemeji na kujipa ruhusa ya kumwambia lolote. "Shemeji, nasikia mke wako mdogo amegoma kula," alisema akimwagia maji mafungu yake. "Mtoto halazimishwi chakula, mtoto anavutwa. Wangu nilikuwa namkatia nyota, namkatia samaki, namwambia mkamate huyo kabla hajakimbia. Wewe unawashonea watu magauni ya harusi mpaka wasiostahili wanapendeza, leo unashindwa na karoti?"

Fundi akachukua tango, akalizungusha mkononi. Akalitazama sana. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaona kiuno.

Jioni ile hakushona nguo ya mtu. Alitandika ubao wa jikoni, akaweka mkasi wake mdogo wa kukatia vifundo, akachukua karoti nyembamba iliyonyooka na kuisimamisha juu ya kipande cha tango. Akachagua jani la ndani la kabichi, lile jeupe laini, akalikata mshazari ili lianguke vizuri, akalipiga marinda kiunoni, akalibana kwa vijiti vya meno. Na vijiti vinavyosubiri zamu yake vinakaa wapi? Mdomoni, vinakaa wapi tena! Ngozi ya ndani ya kitunguu ikawa shela, maana inaangaza. Pilipili manga zikawa macho. Kisha akamtengenezea karoti mchumba: tango mwenye suti ya ganda la bilinganya na tai ya hoho nyekundu. Ganda la bilinganya bichi haliliwi, lakini bwana harusi yeyote akifika mezani huvua koti.

Akaiweka sahani mbele ya mtoto.

"Mama yangu!" Chiriku aliruka. "Babu! Ana marinda! Babu, tazama, ana shela!" Akacheka. Kicheko kile fundi alikuwa hajakisikia tangu mtoto aingie nyumba ile, na kilikuwa kicheko cha bibi yake, kinachoanza na mkoromo kidogo. Machozi yakamlenga fundi. "Mm," alisema, vijiti mdomoni.

Alitamani kukaa. Kiti kilikuwepo, cha pili, kile cha marehemu. Lakini mtu aliyezoea kuwa peke yake akishangiliwa namna ile hajui aweke wapi mikono. Akajiambia watoto hula vizuri wasipotazamwa, akachukua kikombe chake cha chai na mkate, akarudi kibandani kula mbele ya cherehani kama kawaida yake. Na kuna jambo jingine, nilitaje tu: fundi mwenyewe alikuwa hali mboga. Karoti mbichi hakuitia mdomoni tangu utotoni. Marehemu alimbembeleza mpaka akachoka, akasema basi, nimeolewa na mbuzi asiyekula majani.

Akiwa pale kibandani akasikia Chiriku anaongea. Akalegeza mguu kwenye kanyagio ili asikie. Maneno hakuyapata, alipata sauti tu, inapanda, inashuka, inanyamaza kana kwamba inasubiri jibu, inaendelea tena. Alipoingia jikoni baadaye, sahani ilikuwa nyeupe kabisa. Hata pilipili manga hazikuwepo.

Fundi alivuka barabara bila kofia. Akatema vijiti kiganjani. "Amekula," akasema.

Muuza mboga alishtuka vitunguu vikamponyoka. "Shemeji! Kumbe sauti unayo!"

Tangu hapo kila jioni ikawa ya ufundi. Alimtengeneza daktari wa koliflawa, mwenye koti jeupe la asili. Alimtengeneza askari wa pilipili hoho, mwalimu wa kitunguu cha majani mwenye fimbo, mtoto mchanga wa ndizi aliyefungwa nepi ya saladi. Alimtengeneza hata muuza mboga kwa nyanya kubwa ya mbegu, naye muuza mboga alipoonyeshwa akashika kiuno na kuuliza, "Mimi ndiyo mviringo hivi? Hebu nenda zako!" lakini akacheka, na siku hiyo akaongeza karoti nzuri kwenye mfuko. Jioni moja fundi akajitengeneza mwenyewe. Kichwa cha bitiruti iliyochemshwa, nywele za koliflawa, futi ya kupimia ya ganda la karoti shingoni, na mdomoni akamchomekea ncha za vijiti vya meno, zimejipanga, ili mfano ukamilike. Chiriku alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Ni wewe, babu! Ni wewe kabisa!"

Kila jioni fundi alikuwa akikisikia kile kicheko, kisha anarudi kwenye cherehani yake kusikiliza sauti kwa mbali. Na kila jioni sahani ilirudi nyeupe. Alianza kulala vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alimpigia binti yake yeye mwenyewe, asisubiri kupigiwa. "Anakula," alisema. "Mboga zote. Njoo uone."

Siku njema huonekana asubuhi, na asubuhi ya siku iliyotangulia kuja kwa binti haikuwa njema. Chiriku alikuwa shule. Fundi aliingia chumbani kwa mtoto kufagia, mgeni anakuja, akaona sisimizi. Walikuwa na msafara wao wa haki, kutoka dirishani, kupita ukutani, mpaka chini ya kitanda. Halafu akasikia harufu. Alikuwa ameisikia kwa siku kadhaa akadhani ni mfereji wa jirani.

Akapiga magoti, akavuta kisanduku cha mbao ambamo cherehani yake ya kwanza ililetwa. Visubi vikamrukia usoni.

Walikuwemo wote. Bibi harusi amekuwa mweusi, gauni limekuwa utando. Bwana harusi amelegea na kuchuruzika ndani ya suti yake. Daktari, askari, mwalimu, mtoto wa ndizi, wote wamelazwa kwa mstari, na kila mmoja amefunikwa shuka: vipande vya kitambaa kutoka sakafuni kwa fundi, satini ya gauni la fulani, mfuko wa sare ya shule, kipande cha pazia. Mtoto alikuwa amewalaza na kuwafunika vizuri, hata miguu isionekane. Hakuna hata mmoja aliyetiwa jino.

Fundi alikaa chini sakafuni. Alikumbuka kiuno cha sketi ya shule ya Chiriku, jinsi kilivyokuwa kikishuka asubuhi, naye akadhani ni lastiki imechoka. Fundi wa nguo maisha yake yote, akaona lastiki asione mtoto!

Chiriku aliporudi alikuta kisanduku kiko juu ya meza. Akasimama mlangoni na mfuko wake mgongoni.

"Kumbe unanidanganya," fundi alisema, pini amezisukuma pembeni mwa mdomo, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, maana ilikuwa haijatumika. "Mimi nakesha na mboga, nawavisha, nakuletea ule, wewe unawaficha chini ya kitanda! Kwa nini hukuwala?"

Mtoto akaanza kulia bila sauti. "Ningewalaje, babu? Hao ndio ninaongea nao."

Chiriku akasogea mezani, akaingiza mkono ndani ya kisanduku bila kuchukizwa, akatoa bitiruti. Ilikuwa imesinyaa, nywele zimedondoka, lakini futi ilikuwa bado shingoni. Mdomoni hapakuwa na kitu, matundu tu.

"Huyu wewe," alisema. "Nimemtoa vijiti. Ukimtoa vijiti anaongea. Anaongea sana, babu."

"Anasema nini?"

"Ananiuliza nimeshindaje shule."

Heri angepigwa kofi. Alisimama pale, mkono mezani, akatazama yale matundu kwenye mdomo wa bitiruti. Kisha akatia mkono mdomoni mwake, akatoa pini moja moja, akaenda kibandani, akashusha kimto cha mkewe kutoka kwenye rafu, akakipuliza vumbi na kuzichomeka. Aliporudi jikoni alichukua karoti tupu, isiyo na gauni wala macho, akaiosha, akaivunja vipande viwili. Akavuta kiti cha marehemu, akaketi, akakabiliana na mjukuu wake.

"Umeshindaje shule, mke wangu?"

Chiriku akamtazama mdomo kwanza, kuhakikisha. "Vibaya," alisema. "Hakuna anayetaka kukaa na mimi."

"Hata mimi hakuna anayetaka kukaa na mimi," fundi alisema, akauma karoti. Meno yake hayakuwa ya kazi ile. Ilivunjika kwa kishindo, akatafuna, akakunja uso, akameza kama anayemeza dawa. Chiriku akacheka, ule mkoromo ukatangulia.

"Babu, kumbe wewe huli mboga!"

"Sijazila tangu nizaliwe. Usimwambie mama yako."

Akamwachia nusu yake pale mezani, hakumwambia kula. Mtoto akaeleza habari za yule msichana anayemvuta nywele, na mwalimu anayenusa ugoro, na habari zikawa ndefu, na katikati ya habari mkono wake ukachukua karoti peke yake. Akauma. Akaendelea kusimulia huku anatafuna. Akala nusu ile yote, kisha robo ya chungwa, na mbegu akazitema kwa mashindano na babu yake. Fundi alimshinda, kwa kutema alikuwa bingwa wa siku nyingi.

Jioni moja. Ndiyo waliyopata.

Binti alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, amechoka, macho mekundu kwa zamu. Akamwinua mtoto, akamshusha haraka. "Mbona mwepesi hivi? Mwepesi kuliko nilivyomwacha." Akaingia chumbani kukusanya nguo, akatoka ameziba pua. Fundi alikuwa ameshatupa kilichokuwemo kisandukuni, lakini harufu ya uozo haitoki kwa siku moja. Hakuficha kitu, alionyesha kisanduku kwa kidole, na Chiriku akaeleza yote kwa haraka, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo uso wa mama yake ulivyozidi kuanguka.

"Baba, ulikuwa unamtengenezea wanasesere," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Najua ulijitahidi. Lakini mtoto ameisha. Gari letu linaondoka mchana. Kwa shangazi hawezi kukosa watu wa kula nao." Akaivuta sketi ya Chiriku kiunoni, ikavuka mpaka magotini. "Ona. Hebu mpunguzie hii, asifike kwa watu nguo inamvuka."

Fundi akamsimamisha mtoto juu ya kigoda mbele ya cherehani. Akachukua pini kutoka kwenye kimto. Ukibana kiuno unahitaji mikono yote miwili, mmoja ushike kitambaa, mmoja ukunje. Pini zikaenda mdomoni zenyewe, kama zinavyojua njia. Akakunja kitambaa, kikakubali, akakunja tena, kikakubali tena. Vidole vyake vikaugusa mfupa wa nyonga.

"Au una la kusema, baba?" binti aliuliza. Aliuliza kweli. Alikuwa amesimama na begi mkononi, na kama kuna mtu aliyetaka kusikia neno saa ile, ni yeye. "Kama unaona abaki, niambie."

Chiriku alikuwa anatazama mdomo wa babu yake.

Maneno yalikuwepo. Mwache. Jana alikula, mbele yangu, tuliongea. Nipe wiki moja. Nami namhitaji, mwanangu, mimi ndiye ninayekufa njaa humu ndani. Yote yalikuwa yamesimama nyuma ya zile pini. Lakini fundi alijua akifungua mdomo kitakachotangulia kutoka ni kilio, na tangu msiba hajalia mbele ya mtu, hata makaburini.

"Mm-mm," alisema, akatikisa kichwa.

Binti akashusha pumzi. Mtoto akainamisha macho. Fundi akapiga ule mshono, mfupi, nyuzi chache tu, akakata, akamshusha mjukuu wake kutoka kigodani. Alimshika kichwa. Kisha wakatoka. Akabaki anatoa pini mdomoni, moja moja, na alipoitoa ya mwisho akakimbilia mlangoni na kuita, "Mwache!" Barabarani alikuwepo muuza mboga tu, anapanga nyanya zake, na hakuuliza mwache nani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yake yalikuwa mjukuu kweli, yameondoka na begi mgongoni.

Siku zilizofuata fundi alirudia pini, tena kwa wingi. Alishona kuanzia mapambazuko mpaka usiku wa manane. Aliwahi kuvuka barabara kwa mazoea akasimama mbele ya mafungu ya karoti, muuza mboga akamuuliza, "Nikupe ngapi, shemeji?" naye akakumbuka, akageuka. Kiti cha marehemu alikirudisha ukutani. Usiku na mchana ulikuwa mlio uleule, na kama ungepita nje ungesema fundi ana kazi nyingi, biashara imekubali.

Jioni moja simu ikalia juu ya rafu.

"Shikamoo, mzee." Alikuwa shangazi wa mtoto, na nyuma yake kelele za watoto, vijiko, mtu anamshitaki mwenzake. "Samahani kukusumbua. Huyu mtoto wetu nimemshindwa. Wenzake wanaporana sahani, yeye anawatazama tu. Nikamwuliza, sasa wewe unataka nini? Akasema anataka kula na babu yake. Nikamwambia babu yuko mbali. Akasema mpigie. Haya, nampa sahani na simu, namweka barazani peke yake. Mtajua wenyewe."

"Mm," fundi alisema.

Kelele zikapungua. Mlango ukafungwa mahali. Kisha pumzi ndogo sikioni kwake.

"Babu. Toa pini."

Akazitoa. Zilikuwa nyingi, ikachukua muda, naye mtoto akasubiri, kwa kuwa alisikia zinavyogonga kwenye kifuniko cha bati.

"Nimetoa."

"Zote?"

"Haki ya Mungu, zote."

"Umeshindaje, babu?"

Fundi akajishika meza ya cherehani. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliyoulizwa hivyo, na aliyemuuliza, na nguo aliyokuwa amevaa. Kilio alichokuwa amekificha nyuma ya pini kikamfikia, akakiacha kipite, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona, na pia kwa kuwa hakujali tena kuonwa.

"Vibaya," akasema. "Tangu uondoke, vibaya."

"Unalia?"

"Kidogo."

"Basi niambie. Mimi nakula."

Akamwambia. Alimwambia juu ya mteja mwenye bega moja juu, anayetaka koti limwongopee. Alimwambia muuza mboga ameng'oka jino na sasa anapiga miluzi akisema senti. Alimwambia kiti kiko ukutani, na kwamba siku ile ya sketi alitaka kusema abaki, alitaka sana, akashindwa, na ni kosa lake. Hakujua kama ana maneno mengi kiasi kile. Kule upande wa pili kitu kikavunjika, kra, na kutafunwa. Karoti. Fundi akanyamaza ili aisikie vizuri.

Kutafuna kukakoma.

"Mbona umenyamaza?"

"Nakusikiliza unavyokula."

"Usinisikilize, babu. Ongea. Ukinyamaza na mimi siwezi." Akahesabu sahani yake. "Bado vipande viwili."

Fundi alitoka kibandani na simu yake, akapita chumbani, akaingia jikoni ambako taa ilikuwa haijawashwa. Akavuta kiti cha marehemu kutoka ukutani, akaketi, na mbele yake palikuwa na kiti kitupu na meza tupu.

"Basi nikusimulie," alisema, "jinsi bibi yako alivyonichoma na pini siku ya kwanza tulipoonana."

Na kule mbali karoti ikavunjika.